Katuni ya nini? Kesi ya Misshitsu na mpaka wa ponografia

Mwezi Agosti 2002, baba mmoja nchini Japani alimkuta mwanawe, kijana wa sekondari, na kitabu cha katuni za ngono. Akashika kalamu, akamwandikia mbunge Hirasawa Katsuei wa chama cha Liberal Democratic (LDP), mtu ambaye kabla ya kuingia siasa alikuwa ofisa wa polisi. Mbunge akaifikisha barua kwa polisi. Ilipofika Oktoba mwaka uleule, watu watatu walikuwa wamekamatwa: Kishi Motonori, mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Shobunkan ya Tokyo, pamoja na mhariri wake mkuu na mchoraji wa kitabu chenyewe.

Kitabu hicho kinaitwa Misshitsu. Kwa herufi zilizoandikwa jaladani maana yake ni chumba cha asali, lakini Mjapani akilisikia jina hilo likitamkwa husikia pia neno jingine lenye sauti ileile, yaani chumba kilichofungwa. Naomba msomaji alishike hilo la pili, maana tutalirudia. Ni mkusanyiko wa manga, yaani katuni za Kijapani, za watu wazima, na nakala zaidi ya 20,000 zilikuwa zimeshasambazwa. Ndani yake hamna picha hata moja ya kamera. Hakuna mwigizaji aliyelipwa, hakuna mtu aliyevua nguo mbele ya watu wengine, hakuna aliyedanganywa wala kutishwa. Kuna wino na karatasi tu.

Mchoraji na mhariri walimaliza mambo kwa njia ya mkato. Walikubali kosa, wakatozwa faini ya yeni 500,000 kila mmoja. Kishi alikataa. Alisema atasimama kizimbani, na kwa kukataa kwake tukapata kesi inayotajwa kuwa ya kwanza Japani kubishaniwa mahakamani juu ya swali hili: je, katuni ya ngono, isiyo na binadamu yeyote ndani yake, inaweza kuhesabiwa sawa na picha chafu?

Kiswahili chetu kina namna yake ya kuliweka swali hili, na kwangu mimi namna hiyo ni bora kuliko ile ya mawakili. Sisi tunasema picha kwa vyote viwili. Ile ya harusi iliyotundikwa sebuleni ni picha, na simba aliyechorwa na mtoto kwa kalamu ya rangi ni picha. Jina halitenganishi. Kinachotenganisha ni kitenzi: hii imepigwa, ile imechorwa. Ili picha ipigwe lazima kuwe na mtu au kitu mbele ya kamera. Ya kuchora haidai hivyo. Mchoraji anaweza kukaa peke yake usiku, mlango umefungwa, na kutoa umati mzima wa watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Swali lenyewe lilinifika nyumbani kabla sijaisoma kesi hii. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, binamu yangu alituma stika usiku wa Ijumaa: bwana na bibi wa katuni, vichwa vikubwa, macho kama sahani, kitandani, shuka limewaishia magotini. Shangazi yetu mkubwa huamka alfajiri na husoma kila kilichotumwa. Akaandika: "Mwanangu, hiyo picha chafu itoe, humu kuna wakwe." Binamu akajibu: "Shikamoo shangazi. Hiyo si picha chafu, ni katuni tu." Kukawa kimya. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, sekunde chache, sauti ya mtu asiye na hasira: "Marahaba. Katuni ya nini?"

Stika ilifutwa. Swali la shangazi halijanitoka mpaka leo, kwa sababu nusu nzima ya kesi ya Misshitsu imo ndani yake. Katuni ni namna ya kuchora, haikuambii kilichochorwa. Unaweza kuchora katuni ya mbunge, ya simba, ya mgonjwa wa malaria kwenye bango la hospitali, na unaweza kuchora katuni ya ngono. Anayesema "ni katuni tu" ametaja kalamu, hajataja kilichotoka kwenye kalamu. Kwetu Afrika Mashariki udhuru huo una nguvu kwa sababu wengi wamezoea kuzihesabu katuni kama mali ya watoto. Lakini waliokulia Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka majarida ya katuni yaliyosomwa na watu wazima kwenye mabasi, na wanakumbuka pia kurasa ambazo mzazi alizikunja haraka mtoto akikaribia.

Sasa turudi Tokyo. Kifungu kilichotumika ni cha 175 cha Kanuni ya Adhabu ya Japani ya mwaka 1907. Kinakataza kusambaza, kuuza au kuweka hadharani maandishi, picha au vitu vingine vichafu. Hakielezi uchafu ni nini. Hakitaji sehemu za siri wala umri wa mnunuzi, na hakimgusi anayemiliki kitu hicho chumbani kwake bila nia ya kukiuza. Neno linalotumika mle kwa picha ni kama letu: linabeba ya kupigwa na ya kuchorwa kwa pamoja. Maana ya uchafu ilikuja kuwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1957, katika kesi ya tafsiri ya riwaya moja ya Kiingereza ambayo iliwatia hatiani mfasiri na mchapishaji wake. Mahakama ilisema kitu ni kichafu kikiamsha matamanio ya mwili, kikiumiza haya ya mtu wa kawaida, na kikienda kinyume na maadili mema ya jinsia. Mwaka 1980 mahakama hiyohiyo ikaongeza kwamba kitabu kisomwe kizima: mambo hayo yameelezwa waziwazi kiasi gani, yamechukua nafasi gani, yamefungamana vipi na fikra za kitabu, usanii umeyapunguza makali au la, na kwa jumla kitabu kinamvuta msomaji kwa tamaa tu au kuna kingine.

Vipimo hivi vilitungwa kwa ajili ya maneno. Riwaya husomwa kwa macho lakini huonekana kichwani. Picha ya kamera ni kinyume chake, kila kitu kimeshaonekana. Manga inakaa katikati, na hapo ndipo utetezi ulipojenga hoja yake. Waliletwa wataalamu: mwanasosholojia Miyadai Shinji, daktari wa akili Saito Tamaki, mtafiti wa manga Fujimoto Yukari na wengine. Moyo wa hoja yao, nikiufupisha kwa maneno yangu, ni kwamba manga haiigi mwili wa mtu bali hutumia alama. Jasho huwa tone moja kubwa juu ya paji la uso, hasira huwa mshipa uliochorwa kama msalaba, kasi huwa mistari. Msomaji wa manga hasomi mwili, anasoma alama za mwili. Kwa hiyo haifai kumhukumu mchoraji kana kwamba ameshika kamera. Juu ya hapo mawakili walisema kifungu chenyewe kinakiuka ibara ya 21 ya Katiba ya Japani, ile inayolinda uhuru wa kujieleza na kukataza udhibiti.

Hoja ya alama naiona ni ya kweli lakini haitoshi. Uso wa manga ni wa alama, ndiyo. Lakini wachoraji wa manga za ngono wana mazoea ya kuibadili kalamu wanapofika kwenye viungo fulani. Uso utachorwa kwa mistari sita, halafu kiungo kichorwe kwa mistari mia, na vivuli, na unyevu, kikubwa kupita maumbile. Mahakama ililiona hilo, ikasema michoro ya Misshitsu ilikuwa ya kina na yenye kuleta hisia ya uhalisia. Huwezi kumwambia hakimu kwamba hizi ni alama tu wakati kalamu yenyewe imekataa kuzifanya alama.

Halafu kuna suala la kile kivuli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesi nzima ilikuja kuning'inia kwenye kitu chembamba kuliko ukucha. Wakati ule wachoraji wengi wa manga walitumia karatasi laini ya plastiki yenye vitone vyeusi vilivyopangwa kama wavu, na gundi upande wa chini. Mchoraji aliikata kwa wembe kufuata umbo alilotaka, akaibandika juu ya mchoro wa wino, akaisugua ikashika. Ukiushika ukurasa mkono ukiwa umenyooka, unaona rangi ya kijivu. Ukiusogeza karibu na pua, kijivu kinavunjika vunjika kuwa vitone, na katikati ya kitone na kitone unaiona karatasi nyeupe, na unaiona mistari ya wino iliyo chini. Kadiri vitone vinavyokuwa vidogo, ndivyo mistari inavyobaki wazi. Wachapishaji wa Japani hubandika kivuli hicho, au mstari mweusi, au mtindo wa vigae vigae, juu ya sehemu za siri. Sheria haikuwaamuru kwa maneno. Ni desturi ya tahadhari iliyojengeka kwa miaka, kila mmoja akitazama jirani yake amefunika kiasi gani na amepona. Katika Misshitsu kivuli kilikuwepo, lakini kilikuwa chepesi. Mahakama ikasema kilichofunikwa kinaonekana kama hakikufunikwa.

Tarehe 13 Januari 2004 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilimtia Kishi hatiani na kumpa kifungo cha mwaka 1 kilichoahirishwa kwa miaka 3, yaani asiingie jela akikaa salama kwa muda huo. Kitabu, mahakama ilisema, kinamwita msomaji kwa tamaa na hakina fikra wala usanii wa kuipunguza. Akakata rufaa. Tarehe 16 Juni 2005 Mahakama Kuu ya Tokyo ilikubali kwamba kitabu ni kichafu, lakini ikabadili adhabu kuwa faini ya yeni 1,500,000. Sababu iliyotolewa ndiyo ninayoiona kuwa lulu ya kesi hii: kati ya manga na picha au filamu ya watu halisi kuna umbali mkubwa wa uchafu, kwa hiyo haifai kuadhibu kwa uzito uleule. Kishi akaenda juu tena, na tarehe 14 Juni 2007 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake.

Kwa hiyo jibu la Japani kwa swali letu ni hili: ndiyo, mchoro wa wahusika wa kubuni unaweza kuwa uchafu mbele ya sheria, lakini si uchafu wa uzito mmoja na wa kamera.

Nakubaliana na sehemu zote mbili za jibu hilo, na bado naiona hukumu ilikosea. Nieleze.

Kwamba mchoro unaweza kuwa ponografia, hilo kwangu halina ubishi. Ponografia ni kazi iliyotengenezwa ili kumwamshia mtazamaji matamanio, na mkono unaweza kuitengeneza kama kamera. Wachapishaji wenyewe wanajua: ndiyo maana huzipa manga hizo alama ya watu wazima na rafu yake dukani. Anayeuza kitu kwa jina hilo hawezi kuligeukia jina hilo mahakamani na kulikana.

Lakini tunapoiogopa ponografia tunaogopa mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni la yule aliye ndani ya picha. Alilazimishwa? Alilewa? Alijua kwamba video itasambazwa? Kila siku kuna dada zetu ambao maisha yao yameharibiwa na mtu waliyemwamini aliyekuwa na simu mkononi. Picha iliyopigwa ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuumia miaka ishirini baada ya siku ile. La pili ni la yule anayeiona: mtoto ambaye hajafikia umri, mkwe aliyefungua kundi la ukoo, abiria aliyekaa karibu na mwenye simu. Picha iliyochorwa haina la kwanza. Ukimtafuta aliyeumia ndani yake humpati. Inabaki na la pili tu, na la pili ni suala la mlango: nani kaingizwa bila kuitwa.

Waswahili tunalijua suala la mlango vizuri kuliko tunavyodhani. Kungwi anapomfunda bibi harusi husema na kuonyesha mambo ambayo yakisemwa barazani mtaa utahama. Hafumbi maneno, haoni haya, na nyimbo za mle ndani hazifai kuimbwa mbele ya baba wa mtu. Hakuna anayemwita kungwi mchafu. Mlango umefungwa, waliomo wameitwa, na kila mmoja anajua amefuata nini. Yaleyale yakitolewa nje yanageuka matusi. Kitu hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mlango. Chumba kilichofungwa, kama jina la kitabu kile linavyosikika.

Ndiyo maana nasema mahakama ilipima pasipo pake. Ilichukua hadubini ikahesabu kivuli kimefunika kiasi gani, wakati malalamiko yaliyoanzisha kesi yalikuwa ya mzazi ambaye mwanawe alikipata kitabu kisichomhusu. Hivi kivuli kingekuwa kizito zaidi, yule kijana angekuwa salama zaidi? Kitabu kingebaki kuwa kitabu cha ngono, naye angekuwa bado anacho mkononi. Kama mtu mzima mwenye akili timamu alikinunua kitabu hicho kwa fedha yake akakisoma kwake, sioni dola ilikuwa na kazi gani na wembe wa mchoraji. Na kama kijana wa sekondari alikinunua, mwenye maswali ya kujibu ni aliyempokea fedha. Tokyo, kwa mfano, ina amri yake ya mwaka 1964 ya malezi ya vijana, inayohusu hasa kuwauzia walio chini ya miaka 18 machapisho yasiyowafaa. Hiyo ndiyo zana ya kazi ile. Kifungu cha 175 kinakataza hata kumuuzia mzee wa miaka 60.

Udhaifu wa kupima wino unaonekana zaidi ukiziweka shunga mezani. Shunga ni picha za ngono zilizochongwa kwenye ubao na kuchapwa zama za Edo (1603 hadi 1868), na mabingwa wakubwa wa sanaa ya Japani, Hokusai akiwemo, walizitengeneza. Hazikufunika kitu, viungo vimechorwa vikubwa kupindukia, wazi kabisa. Tangu miaka ya 1990 vitabu vya shunga vimekuwa vikichapishwa Japani bila kufunikwa. Makumbusho ya British Museum ya London yalizionyesha mwaka 2013, na mwaka 2015 jumba la Eisei Bunko la Tokyo likafanya vilevile. Nikizitazama shunga na manga kwa kigezo cha wino peke yake, sipati sababu ya moja kutundikwa ukutani na nyingine kupelekwa kizimbani. Watu watasema umri umezitakasa, au ustadi. Ustadi naukubali, una uzito wake. Umri siukubali, kilichokuwa kichafu mwaka 1810 hakikuoshwa na vumbi. Kinachonishawishi ni mlango tena: anayeingia maonyesho ya shunga amesoma bango, amekata tiketi, anajua anachokwenda kuona. Eisei Bunko wenyewe waliwazuia walio chini ya miaka 18.

Msomaji wa Dar es Salaam asidhani haya ni ya Wajapani tu. Kwa sadfa ya namba, kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nacho kinahusu biashara ya machapisho machafu, na kimeorodhesha maandishi, michoro, chapa, picha za rangi, mabango, nembo, picha za kamera na filamu za sinema, vyote katika pumzi moja. Orodha hiyo haikutungwa hapa. Maneno yake ni yaleyale ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1923 wa kuzuia usambazaji wa machapisho machafu, yaliyotufikia kupitia sheria za Waingereza, na Kenya iliyapokea vilevile. Kwa hiyo binamu yangu, kama angekuwa anauza zile stika, asingepata msaada wowote kwa kusema ni katuni tu. Michoro imetajwa kwa jina, tena mwanzoni mwa orodha. Sheria yetu haikuacha shaka kwamba mchoro unaweza kuwa mchafu. Ilichokiacha wazi ni uzito, ule umbali ambao Mahakama Kuu ya Tokyo iliuona mwaka 2005, na kama hakimu wetu angepewa kesi ya katuni kesho, hapo ndipo ningetamani aitazame hukumu ile.

Kuna jambo moja ambalo sitaki liingizwe kwenye hoja yangu kwa mlango wa nyuma, nalo ni michoro ya ngono inayoonyesha watoto. Kesi ya Misshitsu haikuamuliwa kwa umri wa wahusika, na niliyoyasema juu ya mtu mzima na chumba chake hayaendi huko. Japani ilitunga sheria ya ponografia ya watoto mwaka 1999, ikaongeza kosa la kumiliki mwaka 2014, lakini ikaiacha michoro nje. Tanzania imekwenda njia nyingine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haiishii kwa mtoto halisi, inataja pia taswira inayomwakilisha mtoto. Mimi nasimama na Tanzania. Mtoto si mhusika wa kupangiwa chumba cha asali, hata awe wa wino, na picha kama hizo zimewahi kutumika kumlainisha mtoto halisi aone kwamba jambo lile ni la kawaida. Huko madhara yana uso. Mjadala wangu unabaki kwa watu wazima wa kubuni, wanaosomwa na watu wazima wa kweli.

Miaka kadhaa baada ya Kishi, mahakama za Tokyo zilipata nafasi ya kulitazama jambo hili upya. Mwaka 2014 alikamatwa msanii Igarashi Megumi, ambaye alikuwa akitengeneza sanamu kwa umbo la sehemu zake mwenyewe za siri. Alishtakiwa kwa mambo mawili. Moja, kuziweka hadharani sanamu za plasta alizozipamba na kuzipaka rangi. Pili, kuwatumia watu faili za kompyuta za umbo lilelile lililosomwa na mashine moja kwa moja kutoka mwilini. Mei 2016 mahakama ilimwachia kwenye la kwanza, ikisema mapambo na rangi vimelitoa umbo mbali na mwili, na ikamtia hatiani kwenye la pili, faini ya yeni 400,000. Mahakama ya Juu ikaliacha hivyo Julai 2020.

Mwili ulikuwa mmoja, wa mwanamke mmoja, kwa hiari yake. Kilichopita mkononi mwa msanii kiliachiwa; kilichopita kwenye mashine kiliadhibiwa. Kilichochorwa na kilichopigwa. Naisoma hukumu ile nikiona umbali uliotajwa mwaka 2005 kwa ajili ya kupunguza adhabu tu sasa unatosha kumtoa mtu hatiani. Kishi hakuwahi kuupata umbali huo wote. Hatia yake ilibaki na faini yake ikabaki.

Na yule baba? Washtakiwa walikuwa mchapishaji, mhariri na mchoraji. Muuzaji hakuwa miongoni mwao. Hukumu zilitolewa mara tatu, katika mahakama tatu, na kilichopimwa kilikuwa ni uchafu wa kitabu, uwazi wa mistari chini ya vitone ukiwemo. Kitabu kilitoka vipi dukani kikafika mikononi mwa mwanawe, kifungu cha 175 hakikumtaka hakimu yeyote aulize.